Kibanda au hema? Mambo ya kuamua kabla ya kupanda Mlima Kenya

KILA mwaka maelfu ya watu hupanda Mlima Kenya, wengi wao wakilenga kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985. Vilele viwili vinavyokizidi, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), huachiwa wale wenye ujuzi wa kukwea majabali kwa kamba.

Safari ya Lenana kwa kawaida huchukua siku nne au tano. Hivyo msafiri hulala mlimani usiku mara tatu au nne, na kabla ya kufunga mzigo wake hana budi kuamua mambo mawili: atalala wapi na atapika kwa kutumia nini.

Wengi huyachukulia mambo hayo kama suala la kupenda na kutopenda tu. Ukweli ni kwamba mlimani, ambako baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri, uamuzi mbaya kuhusu malazi au jiko unaweza kugharimu maisha.

Vibanda vya mlimani

Njia kuu za kupanda ni tatu: Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini magharibi na Chogoria upande wa mashariki.

Katika njia ya Sirimon, mpandaji hupata malazi Old Moses (mita 3,300) na baadaye Shipton (mita 4,200). Katika njia ya Naro Moru, hulala Met Station (mita 3,050), kisha Mackinder (mita 4,200) katika bonde la Teleki. Juu zaidi, karibu na Lenana, kuna kibanda cha Austrian kilichoko mita 4,790.

Majina hayo yana historia. Halford Mackinder, Mwingereza, aliongoza msafara wa kwanza kufika Batian mwaka wa 1899. Eric Shipton naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukwea Nelion mwaka wa 1929.

Wanaopendelea vibanda husema kwamba mzigo hupungua, kwa kuwa hema la watu wawili huwa na uzito wa kati ya kilo mbili na tatu. Isitoshe, mtu aliyenyeshewa mchana kutwa hupata paa, meza na mahali pakavu pa kubadilishia nguo.

Hata hivyo, kibanda si hoteli. Kitanda huwa ni ubao wenye godoro jembamba, na kila mtu hutakiwa kuja na mfuko wake wa kulalia. Chumba kimoja hulaza watu wengi, na usingizi hukatizwa na wanaokoroma au wanaoamka saa nane usiku ili wafike Lenana jua likichomoza. Panya na pimbi nao wamezoea chakula cha wageni, kwa hivyo chakula huhifadhiwa ndani ya chombo chenye kifuniko kigumu.

Wakati wa hema

Anayepitia Chogoria hana hiari. Baada ya nyumba zilizoko karibu na lango, hakuna kibanda cha wageni cha kutegemewa hadi karibu na Lenana. Wapandaji hupiga hema karibu na ziwa Ellis, kisha katika eneo la Minto lililo juu ya bonde la Gorges. Wengi huisifu njia hii kwa mandhari yake, na hema ndilo huwawezesha kuyafurahia.

Hali ni kama hiyo katika mlima jirani wa Kilimanjaro nchini Tanzania. Njia ya Marangu ina vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, lakini wanaopitia Machame hulala hemani.

Hema linalofaa mlimani lina tabaka mbili: la ndani la kupitisha hewa na la nje la kuzuia mvua. Pumzi ya watu wawili usiku kucha hugeuka matone ya maji, na katika hema la tabaka moja matone hayo huwadondokea waliolala. Nguzo ziwe za alumini, kwani zile za bei nafuu huvunjika upepo unapovuma kwa nguvu. Hema lenye umbo la kuba, ambalo husimama lenyewe kabla ya vigingi kupigwa, hufaa zaidi mahali ambapo ardhi ni mawe matupu.

Jambo ambalo wageni husahau ni baridi itokayo ardhini. Mfuko wa kulalia, hata uwe mzito kiasi gani, hubanwa chini ya mwili na kupoteza joto. Mkeka mnene wa sponji au godoro la kujazwa hewa ni wa lazima, sawa na hema lenyewe.

Ushauri unaotolewa nchi za mbali pia hauna budi kupimwa. Nchini Marekani, njia ya Appalachian yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,500 ina vibanda zaidi ya 250, vingi vikiwa na kuta tatu tu, huku upande wa nne ukiachwa wazi. Wasafiri wengi huko hulala katika vitanda vya kuning'inizwa kati ya miti. Mlima Kenya hauwezi kupandwa hivyo: juu ya msitu na ukanda wa mianzi hakuna miti ya kufungia kitanda, na kibanda cha kuta tatu hakingemkinga mtu dhidi ya upepo wa mita 4,200.

Jiko lipi?

Majiko madogo ya gesi ndiyo hupendwa zaidi kwa sababu ni mepesi na huwaka mara moja. Udhaifu wake ni baridi. Gesi ya butane haigeuki mvuke kwa urahisi joto linapokaribia nyuzi sifuri, na asubuhi mwali hufifia hata kama mkebe haujaisha. Mkebe wenye mchanganyiko wa isobutane na propane hustahimili baridi zaidi. Baadhi ya wapandaji hulala na mkebe ndani ya mfuko wa kulalia ili usipoe.

Mikebe ya gesi hairuhusiwi ndani ya ndege. Anayetoka ng'ambo hulazimika kuinunua Nairobi, na yafaa ahakikishe kwamba inalingana na jiko lake, kwa kuwa kuna ya kuzungushwa na ya kutobolewa.

Majiko ya kupampu yanayotumia mafuta taa au petroli ni mazito na hutoa masizi, lakini hayashindwi na baridi. Jiko la spiriti linalotengenezwa kwa mkebe wa soda ni jepesi kuliko yote. Hata hivyo, huchelewa kuchemsha maji, na mwali wake hauonekani vyema mchana, jambo linaloweza kusababisha ajali.

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Katika mita 4,200 huchemka kwa takriban nyuzi 86 badala ya 100. Maharagwe na githeri haviwezi kuiva kwa joto hilo bila kumaliza gesi yote. Mpandaji mwenye busara hubeba chakula kilichopikwa tayari au kinachoiva upesi, kama vile uji, tambi na supu. Maji ya kunywa yachemshwe kwa dakika tatu.

Hatari isiyoonekana

Baridi inapozidi, wapo wanaoingiza jiko hemani na kufunga zipu ili wapate joto. Hilo ni kosa kubwa. Jiko lolote linalowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Makaa ni mabaya zaidi, kwani huendelea kuitoa hata yanapoonekana kufifia.

Mlimani, dalili za sumu hiyo ni rahisi kutatanisha. Kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu ni dalili pia za ugonjwa unaoletwa na mwinuko. Mgonjwa anaweza kumeza dawa ya kichwa na kulala, asiamke tena. Iwapo watu wote katika hema moja wanaugua kwa pamoja baada ya jiko kuwashwa, watoke nje mara moja na jiko lizimwe. Asiyepata nafuu ateremshwe na kupelekwa hospitalini.

Kuni na moto

Kuwasha moto wa kuni hairuhusiwi katika mbuga ya Mlima Kenya. Nyasi na mimea ya nyika iliyo juu ya msitu hukauka sana Januari na Februari, na upepo husambaza cheche haraka. Moto mkubwa uliteketeza nyika hiyo mwaka wa 2012 na tena 2019. Kilimanjaro ilipoungua Oktoba 2020, wasimamizi wa hifadhi walisema moto ulianzia Whona, mahali ambapo wapagazi na wageni hupumzika.

Kwa hivyo jiko liwekwe juu ya jiwe au udongo mtupu, mbali na nyasi, na lisiachwe likiwaka bila mtu.

Kwa anayepanda mara ya kwanza, vibanda vya Sirimon au Naro Moru vinatosha, mradi ahifadhi nafasi mapema katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, kwa kuwa hujaa. Aliye na uzoefu na anayetaka utulivu achukue hema na kupitia Chogoria. Vyovyote atakavyochagua, alijaribu jiko na hema lake nyumbani kwanza. Kasoro inayogunduliwa uani hurekebishwa kwa urahisi. Ile inayogunduliwa Shipton usiku wa manane haina fundi.