Kimondo cha Mbozi na Hesabu ya Hatari Itokayo Angani

Kila mawe ya angani yanapotajwa katika habari, wanafunzi huniuliza kama dunia i karibu kwisha. Jibu langu huanzia kwa jirani. Kutoka hapa Kawetele, Tukuyu, hadi kilima cha Marengi wilayani Mbozi ni safari ya saa chache tu. Hapo kimelala kimojawapo cha vimondo vikubwa duniani, chenye chuma kwa takriban asilimia 90 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Vitabu husema kwamba "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott, ilhali wenyeji walikwisha kukiita Kitwanga. Hata hivyo, hayajulikani masimulizi yao yanayoeleza kuanguka kwake. Ishara kwamba kilianguka zamani mno.

Kukosekana kwa kumbukumbu si kukosekana kwa hatari. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo vilianguka Mbale, Uganda. Kijiwe kimoja kiligonga mgomba, kikapoteza kasi, kisha kikamwangukia kijana kichwani bila kumdhuru. Nani wa Rungwe, aishiye kati ya migomba, atasema hayo ni mambo ya wengine?

Wanasayansi hupima hatari kwa kuangalia ukubwa wa jiwe na uwezekano wa kugonga. Lile la Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013 lilikuwa na upana wa mita kama 20 tu, lakini mshindo wake ulivunja vioo na kujeruhi watu wapatao 1,500. Mapema mwaka 2025 asteroidi 2024 YR4 ilipewa uwezekano wa asilimia 3 hivi wa kuigonga dunia mwaka 2032, na ukanda uliotajwa ulipita hata juu ya Afrika. Vipimo vilipoongezeka, hofu hiyo ikaondolewa. Makadirio ya namna hii si unabii. Husahihishwa kila kipimo kipya kinapopatikana.

Swali la kisiasa ni hili: nani anapima? Oktoba 2008 asteroidi ndogo ilionwa kutoka Arizona, Marekani, chini ya siku moja kabla ya kulipuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mgongano kutabiriwa kabla ya kutokea. Waliolitembea jangwa lile wakiokota vipande walikuwemo wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Khartoum. Basi akili tunazo; tunachopungukiwa ni darubini, bajeti na njia ya kufikisha tahadhari hadi kijijini.

Kwa mkazi wa Rungwe, volkeno ya Kiejo, iliyolipuka mara ya mwisho takriban mwaka 1800, ni hatari ya karibu zaidi kuliko asteroidi. Lakini zote mbili zadai maandalizi yale yale. Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, bila kutugonga, na Afrika itaweza kuiona kwa macho. Shule na vyuo vyetu vianze kujiandaa sasa, tusije tena kusubiri mgeni atugundulie kilichopo mlangoni petu.