Programu Yako ya Kompyuta Imebeba Takataka: Hivi Ndivyo Unapanga Kifurushi Upya na Kusafisha Skripti

Kama wewe ni msee wa kuandika programu, hii story unaijua. Kwa lapi yako kila kitu kiko fiti. Halafu mwenye duka anaitisha programu iwekwe kwa mashine yake ya kaunta, na hapo ndipo mambo yanaanza kuenda mrama. Instola ni MB 400, anaipakua na hotspot ya simu, Windows inamrushia onyo la kutisha, na wiki mbili baadaye anakupigia kukuuliza mauzo yake ya Jumamosi yalienda wapi.

Mara nyingi shida haiko kwa msimbo wako. Shida iko kwa kufungasha, yaani ile safari ya kutoa kazi yako kwa folda ya mradi hadi iwe faili moja ambayo mtu asiyejua kitu kuhusu kompyuta anaweza kubonyeza mara mbili na ikakubali. Skripti ya kufungasha ndiyo ile orodha ya amri inayofanya hiyo kazi: inakusanya faili, inazibana, inazipiga muhuri, inatoa instola. Watu huiandika usiku mmoja na hawairudii tena.

Hapa tutatumia Electron kama mfano, juu ukishajua kutengeneza tovuti unaweza kuingia nayo kwa kompyuta bila kujifunza lugha mpya. Ilianza 2013 pale GitHub ikiitwa Atom Shell, ikapewa jina la sasa 2015, na leo ndiyo iko chini ya Slack, Discord na Visual Studio Code.

Uzito unatoka wapi

Kila programu ya Electron hubeba Chromium yake na Node.js yake. Hata kama ndani kuna kitufe kimoja tu, ikifunguliwa inapita MB 100. Huo ndio mwili wake, hauwezi kupigana nao. Zile zingine zote umebeba mwenyewe.

Fungua package.json ucheki. Kuna sehemu mbili: dependencies na devDependencies. Ya kwanza ni pakiti ambazo programu inahitaji ikiwa inatembea kwa mashine ya mteja. Ya pili ni vyombo vyako vya jikoni, kama vya kupima na kukusanya msimbo. Ukitumia electron-builder, vyombo vya jikoni havifungwi. Lakini ukiwa umerusha kila kitu kwa dependencies, mteja anapelekewa sufuria pamoja na chakula. Hamisha. Electron yenyewe inakaa devDependencies.

Halafu kuna ile sehemu ya mipangilio inaitwa files. Usiiache wazi. Andika hasa folda zinazofaa kuingia, juu ukiacha mlango wazi zitaingia picha za majaribio, nakala ya databesi ya mteja mwingine, na ile faili ya .env.

Funguo zako ziko mikononi mwa kila mteja

Hapa tukae kidogo. Electron hufunga msimbo wako ndani ya faili inaitwa app.asar. Wasee wengi hudhani hiyo ni kufuli. Si kufuli, ni gunia tu. Mtu yeyote anaandika npx @electron/asar extract app.asar fungua, na kila kitu kinamwagika kwa folda inaitwa fungua: msimbo wako, maelezo yako ya mzaha, na nenosiri lolote uliloweka.

Sasa fikiria umeunganisha programu ya duka na M-Pesa kupitia Daraja, na consumer key na consumer secret zako ziko ndani ya .env iliyofungwa kwa instola. Kila duka ulilouzia limeshika funguo zako. Kuziondoa kwa toleo linalofuata hakusaidii, juu matoleo ya zamani bado yako huko nje. Tengeneza funguo mpya, zima zile za zamani, kisha weka funguo kwa seva yako. Programu ya kaunta iombe seva, na seva ndiyo ibonge na Daraja.

Hii kitu ifanye leo kabla hata hujagusa uzito wa instola. Uzito unaudhi, lakini funguo ni doh ya mtu.

Mauzo ya Jumamosi

Turudi kwa yule mwenye duka. Kosa ambalo huchoma wasee wengi ni kuweka databesi kando ya programu yenyewe, ndani ya folda ya usakinishaji. Kwa Windows, instola ya electron-builder ikileta toleo jipya huondoa lile la zamani kwanza. Folda inafagiliwa. Kama mauzo yalikuwa humo, yamefagiwa nayo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoona.

Data ya mteja ina nyumba yake. Kwa Electron unaiuliza kwa app.getPath('userData'). Kwa Windows iko ndani ya AppData, kwa Linux ni .config, kwa Mac ni Application Support. Apdeti haigusi hapo.

Lakini ujue hii: hiyo nyumba hupewa jina la programu yako. Ukiwa kwa harakati za kupanga upya uone jina la zamani ni la kishamba, ubadilishe, programu itaenda kwa folda mpya tupu. Data bado iko, ila mteja anaona sifuri, na kwake hiyo ni kupotea. appId nayo ndiyo kitambulisho ambacho instola ya Windows hutumia kujua kwamba hili ni toleo jipya la kitu kilekile. Ukiibadilisha, programu mpya inakaa kando ya ile ya zamani kama majirani wasiojuana, na mhudumu wa kaunta anaendelea kufungua ile ya zamani.

Kwa hivyo appId usiiguse. Jina ukilazimika kulibadilisha, andika kwanza msimbo unaoangalia folda ya zamani na kunakili data kwenda mpya. Nakili, usihamishe. Kitu kikiharibika katikati, ile ya zamani bado iko.

Sasa skripti yenyewe

January 2015, mtumiaji wa Steam kwa Linux aliripoti kwamba alihamisha folda ya Steam mahali pengine, akaiwasha, na ikamfutia kila faili aliyokuwa na ruhusa nayo, hadi diski ya nje aliyokuwa ameichomeka. Ndani ya skripti ya kuiwasha kulikuwa na rm -rf "$STEAMROOT/"*. Skripti ilishindwa kujua iko wapi, STEAMROOT ikabaki tupu, na amri ikageuka kuwa: futa kila kitu kuanzia mzizi. Juu kidogo ya huo mstari, aliyeuandika alikuwa ameacha maelezo ya kuonyesha kwamba anajua unatisha. Alijua, na bado ukatoka.

Skripti yako ya bash ianze na set -euo pipefail. Hiyo inaiambia isimame amri ikishindwa, na isimame ikikuta jina la kitu ambacho hakijawekwa. Bila hiyo, hatua ya tatu inaanguka, ya nne inaendelea kama kawaida, na unatuma instola yenye nusu ya programu.

Ukishafanya hivyo, soma mstari kwa mstari ukiuliza: hii inafanya nini, na nikiitoa nini kitavunjika? Utapata njia kama /home/jina-lako/Desktop ambayo iko kwa mashine yako pekee. Utapata namba ya toleo imeandikwa mahali nne tofauti. Iache kwa package.json pekee, kwingine kote isomwe kutoka hapo. Utapata pia amri za 2021 zilizofichwa na alama ya maelezo eti huenda zikahitajika. Futa, Git inazikumbuka.

Badilisha npm install iwe npm ci. Ya kwanza inaweza kubadilisha matoleo ya pakiti kimyakimya. Ya pili inafuta node_modules, inaweka matoleo yaleyale yaliyo kwa package-lock.json, na ikikuta hayalingani inagoma. Folda ya dist nayo ifutwe kila mara kabla ya kuanza, la sivyo faili za mwezi jana zitapanda hii gari bila kulipa nauli.

Kisha toa kazi yote kwa lapi yako. GitHub Actions ina mashine za Windows, Mac na Linux zinazoanza zikiwa tupu kila mara. Kama kifurushi kinatoka hapo, kinatoka popote. Pia inasaidia kwa pakiti kama better-sqlite3 ambazo hujengwa kwa kila mfumo kivyake. Ile uliyojenga kwa Linux haitafunguka kwa Windows hata ukiiomba.

Mahali wezi hujificha

Kama unaona hii yote ni usafi wa kujionyesha, cheki kilichofanyika 2024. Aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia mradi wa XZ Utils tangu 2021 hadi akaaminiwa kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma. Ujanja ni kwamba faili iliyouwasha, build-to-host.m4, haikuwa kwa Git ambapo watu husoma msimbo. Ilikuwa ndani ya kifurushi cha kutolewa tu, kati ya skripti za kujenga ambazo hakuna mtu hupenda kusoma. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliifichua tarehe 29 March 2024 baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa karibu nusu sekunde.

Mwaka mmoja kabla, March 2023, programu ya simu za ofisi ya 3CX ilikamatwa ikisambaza virusi. Hiyo ilikuwa ya Electron kabisa, sumu ikiwa ndani ya ffmpeg.dll, na instola ilikuwa na muhuri halali wa kampuni. Wavamizi walikuwa wamefika kwa mazingira ya kujengea, hivyo muhuri ulipigwa juu ya sumu.

Ndiyo sababu muhuri huja mwisho kwa hii orodha. Unauhitaji: bila huo Windows inatoa onyo, na Mac tangu Catalina inataka Apple ikague programu yako kwanza, ambayo inakuhitaji uwe mwanachama kwa dola 99 kwa mwaka. Kwa Windows, tangu June 2023 ufunguo wa muhuri lazima ukae kwa kifaa maalum cha usalama, kwa hivyo zile siku za kuutupa kwa folda ya mradi zimeisha. Lakini muhuri unasema tu nani ametuma. Kilicho ndani ni juu yako.

Kabla ya kutuma, fungua instola na 7-Zip uone kilicho ndani kwa macho yako. Halafu iweke kwa mashine ambayo haijawahi kukuona. Kama una Windows Pro, washa Windows Sandbox, ambayo inakupa Windows mpya na inajifuta ukiifunga. Weka kwanza toleo la zamani, ingiza mauzo mawili matatu ya uongo, kisha weka toleo jipya juu yake. Mauzo yakiwa bado yapo, mtumie mwenye duka.