Mapigano ya Yonkers

Mapigano ya kubuni katika riwaya *World War Z* (2006) ya Mmarekani Max Brooks. Jeshi la Marekani, huku kamera za wanahabari zikitazama, linajipanga Yonkers, kaskazini mwa Jiji la New York, kuzuia mazombi wanaomiminika kutoka jijini. Silaha si haba, ila ni za kupigana na adui mwenye woga. Zombi hafi mpaka ubongo uharibiwe. Askari Todd Wainio, msimulizi wa mapigano haya, anachukizwa na mahandaki na mavazi ya kujikinga na kemikali: ya nini, kwa adui asiyefyatua hata risasi moja? Risasi zinapungua, mtandao unaowaunganisha askari unasambaza hofu, safu zinavunjika. Filamu ya 2013 iliyotokana na riwaya hii iliyaacha mapigano haya, moja ya sehemu kali zaidi kitabuni.