Seringi tano za Yambuku na namba iliyo kwenye chupa ya insulini

KALEMIE – Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku chache baada ya kipindi chetu cha radio juu ya ugonjwa wa sukari, mama mmoja wa hapa mjini alikuja kuniona na mfuko mdogo wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa chupa ya insulini iliyokwisha na seringi mbili. Binti yake ana miaka 14, na amezoea kujidunga mwenyewe asubuhi na jioni.

«Mwanangu, mtoto hakubadilisha kitu,» aliniambia. «Alivuta dawa mpaka kwenye alama ya 20 kama siku zote. Sasa kwa nini tulikaribia kumzika?»

Usiku ule binti alianza kutetemeka na kutoka jasho, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza, wakamnywesha chai yenye sukari nyingi, kisha wakamkimbiza hospitali. Alipona. Lakini mama alibaki na swali lake, sababu chupa ilikuwa ileile na alama ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni seringi tu. Farmasia wanayoizoea ilikuwa imeishiwa, wakanunua kwingine, na muuzaji akawapa «seringi ya insulini» bila kuuliza neno.

Niliziweka zile seringi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na kifuniko cha rangi ya machungwa na imeandikwa U-100. Ya pili ilikuwa na kifuniko chekundu, imeandikwa U-40. Kwenye chupa imeandikwa 100 UI/ml. Jibu la mama lilikuwa katika maandishi hayo madogo. Ili kulielewa vizuri lazima turudi nyuma zaidi ya miaka 150, na njiani tupite katika kijiji kimoja cha Congo yetu.

Kutoka Lyon mpaka Toronto

Mwaka wa 1844, huko Dublin, daktari Francis Rynd alitumia sindano yenye tundu kuingiza dawa chini ya ngozi ya mgonjwa. Dawa ilishuka yenyewe polepole, hakukuwa na bomba la kuisukuma. Mwaka wa 1853 watu wawili, kila mmoja kwake, walileta bomba: Charles Pravaz wa Lyon, Ufaransa, na Alexander Wood wa Edinburgh, Scotland. Bomba la Pravaz lilikuwa la fedha. Kwa miaka mingi Wafaransa waliita seringi kwa jina lake.

Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, nyumba ya Lüer ya Paris ilitengeneza seringi yote ya kioo, ambayo mtu aliweza kuona dawa iliyomo na kuichemsha bila kuiharibu. Ukichukua leo pakiti ya seringi ya faranga kidogo tu, mara nyingi utasoma neno Luer. Ni jina la nyumba hiyo, linaonyesha namna sindano inavyoshikana na bomba.

Hata herufi G iliyo kwenye pakiti ya sindano ni ya zamani. Ilitoka kwa mafundi wa nyaya za chuma wa Uingereza. Waya ulivutwa katika matundu yaliyozidi kuwa madogo, na kila hatua ilipewa namba. Kwa hiyo namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba zaidi. Watu wengi wanafikiri kinyume chake. Sindano ya 21G ni nene, ya 30G ni nyembamba sana.

Mpaka hapo, sindano ilikuwa kitu cha daktari. Jambo lilibadilika Toronto, Canada, ambako Frederick Banting, Charles Best, John Macleod na James Collip walipata insulini inayoweza kutibu watu. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1922 kijana Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa nayo katika hospitali ya huko. Siku ya kuzaliwa ya Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo leo Siku ya Ugonjwa wa Sukari duniani.

Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anakonda mpaka kufa. Sasa aliweza kuishi, lakini kwa sindano za kila siku maisha yake yote, na hakuna muuguzi anayeweza kuhamia nyumbani kwa kila mgonjwa. Huko Boston, daktari Elliott Joslin alisisitiza kwamba mgonjwa mwenyewe afundishwe. Watu wa kawaida wakaanza kuchemsha seringi za kioo jikoni na kunoa sindano kwa jiwe kila zilipoanza kuwa butu. Ndivyo kazi ya kuchagua na kutunza sindano ilivyoingia nyumbani.

Alama inayodanganya

Tatizo lilikuja na nguvu ya dawa. Insulini ya mwanzo ilikuwa hafifu. Kadiri viwanda vilivyoendelea, zilitoka chupa za uniti 20 kwa mililita, kisha 40, kisha 80. Maji ni yaleyale kwa macho, lakini nguvu ni tofauti.

Huko Uingereza, seringi ya kawaida ya insulini ilikuwa na alama 20 kwa kila mililita. Aliyetumia chupa ya 20, alama moja ilikuwa uniti moja. Wa chupa ya 40, alama moja ilikuwa uniti mbili. Wa chupa ya 80, alama moja ilikuwa uniti nne. Mgonjwa alilazimika kupiga hesabu kila asubuhi kabla ya kula. Akisema «ninavuta kumi», muuguzi hakujua kama ni alama kumi au uniti kumi. Makosa yalikuwa mengi.

Ndiyo sababu nchi moja baada ya nyingine zilikubali nguvu moja, uniti 100 kwa mililita. Uingereza ilibadilisha mwaka wa 1983. Ufaransa ilingoja mpaka mwaka wa 2000. Lakini dunia yote haikubadilisha. India bado inatumia sana chupa za 40, na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (OMS) imeendelea kutaja nguvu zote mbili.

Sasa tazama mji kama wetu wa Kalemie. Dawa na vifaa vinatufikia kwa mashua kutoka Kigoma, kwa njia ya Lubumbashi, kwa misaada, na katika mizigo ya wafanyabiashara wadogo. Seringi iliyotengenezwa kwa chupa ya 40 inaweza kulala kwenye rafu moja na chupa ya 100.

Hesabu ya binti yule ni hii. Katika seringi ya U-40, alama ya 20 ni nusu mililita. Katika chupa ya 100, nusu mililita ina uniti 50. Alitakiwa kupata 20, akapata 50, yaani mara mbili na nusu. Kama ingekuwa kinyume, dawa ya 40 ndani ya seringi ya U-100, angepata uniti 8 tu, na sukari ingepanda bila yeye kujua sababu.

Yambuku, 1976

Kuna jambo la pili ambalo mama aliniambia bila kulipa uzito. Jirani yao mzee naye ana ugonjwa wa sukari, na siku wanapokosa, wanaazimana seringi. «Tunaiosha kwa maji ya moto kwanza,» alisema.

Hapo nilimweleza habari za Yambuku.

Lakini Yambuku nayo ina yaliyoitangulia. Tangu mwanzo wa karne ya 20, wazungu waliotawala Afrika ya kati walipigana na malale kwa kupima vijiji vizima na kudunga watu. Mwaka wa 1920 daktari Mmarekani Louise Pearce alikuja Léopoldville kujaribu dawa ya tryparsamide, ambayo ilisaidia wengi. Watu waliokolewa, hilo ni kweli. Lakini seringi zilikuwa haba. Huko Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kikosi cha daktari Eugène Jamot kilitibu wagonjwa zaidi ya elfu tano kati ya mwaka wa 1917 na 1919 kwa seringi sita. Daktari Jacques Pépin wa Canada, aliyefanya kazi katika hospitali ya Zaire miaka ya 1980, ameandika kwamba kampeni za namna hiyo zilisaidia virusi vinavyopita katika damu kuenea, pamoja na vya UKIMWI. Wazee wetu wamebaki na mazoea ya kuamini kwamba bila sindano mtu hajatibiwa.

Yambuku ni kijiji cha kaskazini mwa nchi, wakati ule katika Équateur, leo katika mkoa wa Mongala. Palikuwa na hospitali ya misheni iliyopendwa, na watu walitoka mbali kwa ajili ya dawa zake. Tarehe 26 Agosti 1976, mwalimu mmoja mwenye homa alidungwa hapo sindano ya klorokwini, kwa kuwa walidhani ni malaria. Kilikuwa kitu kingine. Ulikuwa ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola, jina la mto wa upande huo.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa seringi na sindano tano tu. Hizo tano zilitumika kwa wagonjwa wa nje, kwa mama wajawazito na kwa waliolazwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa kwa maji ya moto katika sufuria. Jioni wakati mwingine zilichemshwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye Wacongomani wote wanamjua leo, alikuwa kati ya madaktari wa kwanza kufika.

Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali walikufa. Kati ya wale walioambukizwa kwa sindano, hakuna hata mmoja aliyepona. Hospitali ilipofungwa na sindano zikasimama, ugonjwa ulianza kupungua.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, «Basi kusuuza hakusaidii?» Hakusaidii, mama. Damu unayoiona inatoka, ile usiyoiona inabaki ndani ya tundu la sindano. Leo kwetu si Ebola tu. Kuna hepatiti B, hepatiti C na VVU.

Kabla ya kulipa

Seringi ya plastiki ya kutumia mara moja ilibuniwa mwaka wa 1956 na Colin Murdoch wa New Zealand. Kwenye chanjo, mwaka wa 1999 OMS, UNICEF na UNFPA zilitaka seringi zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika. Hata sindano ya kupanga uzazi ambayo mwanamke anaweza kujidunga sasa inakuja na dawa, kibomba na sindano vimeshikana, na haijazwi mara ya pili. Hapo wataalamu wamekuchagulia tayari. Kwa insulini ya chupa, bado ni wewe unayechagua. Nilimuomba muuguzi anayefuata wagonjwa wa sukari anisaidie kuyaweka kwa maneno rahisi:

– Beba chupa yako unapokwenda kununua. Chupa ya 100 UI/ml inataka seringi ya U-100, yenye kifuniko cha rangi ya machungwa. Chupa ya 40 inataka ya U-40, yenye kifuniko chekundu. Usitazame rangi peke yake, soma maandishi.

– Usikubali seringi ya kawaida ya mililita 2 badala ya ile ya insulini. Kwa chupa ya 100, alama yake moja ndogo ya sehemu ya kumi ya mililita ni uniti 10 nzima. Huwezi kupima uniti 14 humo. Tena sindano yake, ile ya bluu ya 23G au ya kijani ya 21G, ni ya kufika kwenye musuli. Insulini ikiingia kwenye musuli inafanya kazi haraka kuliko inavyotakiwa.

– Sindano ya insulini iwe nyembamba, 29G mpaka 31G, na fupi. Zamani zilikuwa za karibu milimita 13. Leo kwenye seringi milimita 6 mpaka 8 zinatosha, hata kwa mtu mnene, maana ngozi yenyewe ni nyembamba kwa watu wote.

– Pakiti iwe imefungwa na tarehe haijapita. Seringi ni ya mtu mmoja na ya mara moja. Usimuazime hata ndugu wa tumbo moja.

– Iliyotumika itie katika chombo kigumu chenye kifuniko, kisha ipeleke kituo cha afya. Watoto wetu wanachezea jalalani.

– Mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho, mpe sukari akiwa bado anameza. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Nilirudi kwao wiki mbili baadaye. Kwenye ukuta, karibu na kitanda cha binti, mama alikuwa amebandika kipande cha karatasi: «100 na 100.» Seringi yenye kifuniko chekundu haikuwepo tena, na mzee jirani alikuwa amenunuliwa pakiti yake mwenyewe.

Wauzaji wa farmasia mnaotusoma, swali moja tu linatosha mtu akiomba seringi ya insulini: «Chupa yako imeandikwa ngapi?»