Kiungo cha Upinde: Gundi ya Kano na Skrubu ya Chuma

 

Ndugu msomaji, kila asomaye aya ya 60 ya Suratul Anfal huikumbuka hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliifasiri nguvu iliyotajwa humo kuwa ni kurusha mishale, na akalikariri hilo mara tatu. Fadhila za upinde husemwa sana mimbarini. Kisichosemwa sana ni kwamba upinde wenyewe, yaani umeundwa kwa nini na umeunganishwa vipi, uliwashughulisha mafakihi.

Waarabu wa Hijazi walikuwa na upinde wa mti mtupu, na mti uliosifika kwa kazi hiyo ni nab'. Upinde wa Kiajemi ulikuwa kitu kingine kabisa. Kiini chake ni mti, upande unaomwelekea mpigaji hubandikwa pembe, na mgongoni hulazwa kano za mnyama, vyote vikishikwa na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi, kano au samaki. Kiini chenyewe mara nyingi si mti mmoja. Kipande cha mshikio hupasuliwa mfano wa mkia wa samaki, na mkono wa upinde ukachongwa ncha ya kuingia humo. Upinde unapovutwa, mikono ndiyo inayopinda, na mshikio hubaki mgumu. Basi kiungo kikiwekwa hapo hakipati taabu sana.

Ibn Majah amepokea kutoka kwa Ali (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu ana upinde wa Kiajemi akamwamuru autupe na ashike wa Kiarabu. Isnadi yake wamo wapokezi waliodhoofishwa na wanachuoni wa hadithi. Lakini wapo waliojenga juu yake kwamba upinde wa gundi ni karaha. Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria, sawa na 1223 Miladia) aliijibu hoja hiyo katika al-Mughni. Amesema kwamba Waislamu wamekubaliana kuutumia na kuubeba upinde huo, kwani ndio uliopiganiwa jihadi katika zama zake na zama nyingi zilizotangulia. Ama hadithi, yawezekana sababu yake ni kuwa wakati ule waliokuwa wakiubeba ni Waajemi, nao walikuwa hawajasilimu. Huyu si mtu aliyekuwa akizungumza kutoka maktabani tu. Yeye aliishi Sham ya Salahuddin, na pinde hizo aliziona mikononi mwa wapiganaji.

Kwetu sisi Mashafii liko swali jingine: kano na pembe zimetoka kwa mnyama gani? Zikiwa za mzoga ni najisi, na anayeswali naye ameubeba upinde huo swala yake haisihi. Mahanafi wamesema pembe na mfupa ni tohara kwa kuwa havina uhai ndani yake, na katika kano wana riwaya mbili. Imam Shafii mwenyewe (R.A.), aliyesifika kwa shabaha, amezungumza katika al-Umm juu ya mpiga mishale kuswali na ngozi aliyoivaa mkononi, na akatazama kwanza kama ni ya mnyama aliyechinjwa au iliyodibaghiwa.

Lakini adui mkubwa wa upinde wa gundi ni unyevu. Babur, aliyeshinda vita vya Panipat mwaka 1526 na kuasisi dola ya Mughal, alilalamika katika kumbukumbu zake kwamba pinde za kwao haziwezi kutumika Hindi wakati wa mvua. Huharibika, na pamoja nazo deraya, vitabu na nguo. Mwenye kuhifadhi misahafu ya kale Lamu au Unguja wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Wahunzi wa Hindi wakaja na upinde wa chuma cha pua, na pinde za namna hiyo zipo hadi leo katika makumbusho ya Royal Armouries ya Uingereza. Kuna nyingine ambazo hukatwa vipande viwili katikati ya mshikio na kuunganishwa kwa skrubu. Ukizungusha, upinde mzima unakuwa fimbo mbili fupi za kufungwa katika mzigo.

Kwa nini skrubu, wala si kuchomeka tu kipande katika kipande? Kilichochomekwa tu hulegea kwa kila mshale, ilhali meno ya skrubu hukaza. Ila mhunzi alitakiwa awe hodari, kwani skrubu ikipita kidogo mahali pake, mkono mmoja huelekea huku na mwingine kule, na upote hukaa upande.

Sisemi kuwa chuma kilikuwa bora. Mikono yake mizito hurudi polepole, kwa hiyo mshale hauendi mbali kama wa upinde wa pembe. Tena ufa uliojificha ndani huweza kuuvunja ghafla mkononi mwa mwenyewe. Aliyeuchagua aliacha masafa ili apate silaha inayoweza kuwekwa ghalani miaka na mvua zake, kisha ikatolewa na kutumika siku hiyo hiyo. Kwa askari wa ngome hiyo ni biashara nzuri. Kwa mpanda farasi, mimi naona si nzuri.

Na swali la kano za mzoga likaondoka lenyewe, kwa kuwa chuma hakichinjwi. Lakini nyingi ya pinde hizi zimetiwa nakshi za dhahabu, na katika madhehebu ya Imam Shafii kinachoruhusiwa mwanamume kupambia silaha yake ni fedha, si dhahabu. Wallahu aalam.