Gari Lililoitwa Lori

Afasiriye hujifunza mapema kwamba jina si pambo. Jina likibadilika, na hukumu hubadilika. Ushahidi wa hilo nimeukuta mahali nisipoutarajia, katika historia ya magari ya Marekani.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani, na madereva wa huko wakapanga foleni vituoni. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyovitaka viwanda vihakikishe kuwa magari ya abiria, kwa wastani, yanakwenda maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985. Malori mepesi yakawekewa kiwango chake, cha chini zaidi. Haikuwa hila. Mkulima na seremala walihitaji pikapu za kubebea mbolea na mbao, na nani angewaonea choyo?

Lakini lori ni nini? Kanuni zilijibu kwa maumbile: gari lililoinuka kutoka ardhini, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, liwezalo kupita pasipo barabara. Viwanda vikazisoma kanuni hizo kama malenga mjanja azisomavyo za mizani na vina, akizitimiza zote na huku akisema alitakalo. Mwaka 1990 kampuni ya Ford ilileta Explorer, iliyojengwa juu ya fremu ya pikapu, ikaezekwa na kutiwa viti vya familia. Mama aliyempeleka mwanawe skuli akawa, kisheria, anaendesha lori.

Na serikali yenyewe haikushika neno lake. Tangu 1964 malori mepesi kutoka nje yalitozwa ushuru wa asilimia 25, kisasi cha ugomvi na Ulaya juu ya nyama ya kuku (naam, kuku!). Mwaka 1989 Wizara ya Fedha ikaamua kwamba magari ya namna hii yenye milango minne ni ya abiria, yatozwe asilimia 2.5. Bandarini gari, kwenye pampu lori.

Walioumia ni waliobaki katika magari madogo. Zito likigongana na jepesi, bamba la lile refu hupita juu ya chuma kilichowekwa kumlinda mwenzake. Hofu hiyo ikayauza makubwa zaidi: aliyeogopa kugongwa na lori alinunua lori. Watetezi wake husema kila mtu ana haki ya kuchagua, na familia ya watu saba haienei katika Beetle. Kweli, ila walichagua mbele ya mizani iliyokwisha kuinamishwa.

Huku kwetu mtaa uliyaita mashangingi, kwa jina la mwanamke mwenye makeke. Neno kali, lakini halikumficha mtu kuwa kinachopita ni fahari.

Aprili 2018 kampuni ya Ford, iliyowapa watu wa kawaida Model T mwaka 1908, ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia Wamarekani karibu magari yake yote ya abiria. Iliyosalimika kwa jina ni Mustang, gari la mbio.