Ua la Mama, Soma Jina Kwanza

"Mama yako ni mtu wa rangi gani, mwanangu?" aliniuliza muuza khanga pale Kidatu. Nilikuwa nimemwambia natafuta maua ya kumpelekea mama. Alichomoa doti moja kwenye rundo, akaikung'uta, akaitandaza: pindo jekundu pande zote nne, katikati waridi la njano lenye ukubwa wa sinia. Nikaipenda papo hapo. Akaniwekea kidole chini ya ua. "Soma jina kwanza. Usije ukampelekea mama maneno ya kumsema jirani."

Desturi ya kumpa mama maua Jumapili ya pili ya Mei ilianzia Marekani. Tarehe 10 Mei 1908, Anna Jarvis alipeleka kanesheni nyeupe 500 kanisani Grafton, West Virginia, kwa kumbukumbu ya mama yake. Hakuchagua kwa bei wala kwa uzuri. Ndilo ua alilolipenda marehemu. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo rasmi. Wauza maua wakaigeuza msimu wa mavuno, na Anna akapambana nao karibu hadi alipofariki mwaka 1948.

Kidatu maua hayana heshima hiyo. Ua linaloonekana kwa wingi kuliko yote huku ni la muwa, ule ushungi wa kijivu unaotikisika mashambani, na mkulima halifurahii: muwa ukishachanua hauendelei kurefuka.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya maua wanayopewa akina mama Ulaya na Marekani lilitoka kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo hukaa kwenye vyungu madirishani, mbali kabisa na Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki, ambayo Udzungwa, ukuta wa kijani unaoitazama Kidatu, ni sehemu yake.

Sisi ua la mama tulilitia kwenye nguo. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakiunga leso, neno tulilolipata kwa Wareno, mpaka wafanyabiashara wakaanza kuchapisha nguo nzima. Duka la khanga la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, linalojulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887. Maneno, yaani jina la khanga, yalikuja baadaye. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China.

Kwa hiyo lile swali la muuza khanga, mama ni mtu wa rangi gani, si dogo. Anna Jarvis, aliyechagua ua alilolipenda mama yake, angelielewa.

Nilichambua doti saba kabla ya kupata waridi lenye maneno ya kumtamkia mzazi. Nikadhani nimemaliza, yule muuza khanga akanirudisha: khanga haijakatwa, na nyuzi za pembeni zinachomoka. Basi nawe ukinunua, pita kwanza kwa fundi cherehani aikate vipande viwili na kuipinda. Usimwachie mama kazi hiyo.